Unaenda Ritriti ya Kwilti? Hivi Ndio Unapanga Begi Yako

Ijumaa moja mwezi wa saba, saa mbili usiku, nilifungua begi yangu huko Limuru mbele ya wamama tisa na machali wawili. Nikatoa cherehani. Nikatoa uzi wa rangi kumi na moja. Nikatoa vitambaa vya kutosha kufungua kibanda Gikomba. Halafu nikatafuta pedali ya mashine. Nikatafuta tena. Shosh mmoja hapo mezani akaniangalia juu ya miwani: "Haiya, na hiyo utakanyaga nini?"

Pedali ilikuwa keja, Umoja, chini ya kitanda, mahali niliiweka ndio isipotee.

Ungedhani ni kichekesho, lakini nilikuwa nimeenda na kazi ya mtu. Kastoma alikuwa anataka kwilti ya mtoi na alikuwa ashanitumia dipositi ya thao tatu, na hiyo thao tatu ilikuwa ishaingia kwa kodi ya nyumba. Wikendi yote nikapigia watu pasi na kuwakatia uzi. Jumatatu nikakopa, nikamrudishia doh yake, na hajawahi nitext tena. Tangu hapo nimeenda ritriti zingine nne, na kila mara naona msee mgeni akifanya makosa yenye nilifanya, au mapya. Kwa hivyo hii ni ya wewe mwenye umealikwa kwa mara ya kwanza na hujui ubebe nini.

Kwanza, hii ni nini?

Kwilti ni kitambaa cha tabaka tatu: uso wenye umeunganishwa na vipande vipande, pamba au kitu nzito katikati, na mgongo wa kitambaa kizima. Halafu zote tatu zinashonwa pamoja, mshono ukipita juu mpaka chini. Bila hiyo mishono ya kupitisha, uko na shuka ya viraka tu, bado si kwilti.

Ritriti ni wasee kama kumi hivi wanachanga, wanakodi nyumba au gesti penye kuna ukumbi, kila mtu anapewa meza, na mnashona kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana. Hakuna mwalimu, hakuna ratiba kali. Marekani hii kitu ni ya kitambo. Wanawake walikuwa wanakutana kwa nyumba ya mtu kumaliza kwilti moja kwa pamoja. Kuna mji unaitwa Paducah, jimbo la Kentucky, uko na jumba zima la makumbusho ya kwilti tangu 1991. Na kuna Gee's Bend, Alabama, penye wanawake weusi walishona kwa miaka mingi na nguo za kazi zilizochakaa, jinzi za shamba na mashati, juu ya kukosa blanketi. Mwaka wa 2002 kwilti zao zikatundikwa kwa ukuta wa Whitney Museum, New York, na mwaka wa 2006 zikawekwa kwa stempu za posta za Marekani. Kumbuka hiyo ukianza kudhani lazima ununue kitambaa ghali.

Begi inaanzia nyumbani, kwa kukata

Ukiniuliza ni kitu gani moja inaamua kama utarudi na kazi ama utarudi na stori, nitakwambia ni kukata kabla ya kuenda. Kwa ritriti meza ya kukatia ni moja ama mbili, na kila mtu anaitaka Jumamosi asubuhi. Mwenye amekuja na miraba yake tayari, kwa bahasha, anakaa chini na kushona. Mwenye amekuja na kitenge kizima anapanga foleni.

Hesabu zenyewe si ngumu. Chukua kwilti ya mtoi ya inchi 36 kwa 36. Ukitumia miraba ya inchi 6 ikishashonwa, unakata ya inchi 6 na nusu, kwa sababu kila upande unakula robo inchi ya mshono. Unahitaji sita kwa sita, yaani miraba 36. Kitenge cha upana wa karibu inchi 44 kinakupatia miraba sita kwa kila utepe, kwa hivyo tepe sita zinatosha. Hiyo ni inchi 39 za kitambaa, zaidi kidogo tu ya yadi moja. Nunua yadi moja na nusu kwa jumla, rangi tofauti, na utabaki.

Ya mtu mzima, tuseme inchi 60 kwa 72, ni miraba 120. Tepe ishirini, inchi 130, karibu yadi tatu na nusu na kidogo. Kitenge kimoja cha yadi sita kinafanya hiyo na kinabaki. Ndio maana nikiona mtu ameingia na gunia ya vitambaa najua hajakaa chini na karatasi na peni.

Kabla ya kukata, fua. Kitenge kipya kinakuja na ugumu wa dukani, na nyingine zinatoa rangi vibaya sana, haswa nyekundu na bluu nzito. Lowesha kona, ifinye na kitambaa cheupe. Cheupe kikibadilika rangi, endelea kufua mpaka kiache. Ukiruka hiyo, kwilti nyeupe na nyekundu inakuwa ya pinki siku mtoi atakojoa mara ya kwanza.

Beba kazi moja kubwa na moja ndogo ya akiba. Basi. Kama ni mara yako ya kwanza, lenga kumaliza uso peke yake, na hiyo inamaanisha pamba ya katikati unaiacha home. Inakula nafasi ya mbuzi mzima kwa matatu.

Mashine na watu wake

Cherehani yako, ndio. Lakini cherehani bila familia yake ni jiwe. Pedali. Waya ya stima. Mguu wa kushona robo inchi kama uko nao, na kama hauna, bandika kipande cha seloteipu kwa bamba la mashine, robo inchi kutoka kwa sindano, uwe unafuata hapo. Usidharau hii robo. Ukizidisha moja kwa nane ya inchi kwa kila mshono, mstari wa miraba kumi uko na mishono tisa, na ushapoteza zaidi ya inchi moja. Mstari wa chini hautalingana na wa juu na utaanza kulaumu mashine.

Bobini: jaza kumi ukiwa nyumbani, rangi ya kijivu au maziwa, zinaingiana na karibu kila kitu. Usitegemee kukopa ya jirani, hazifanani. Ya mashine moja inaweza kuingia kwa nyingine kwa macho tu, halafu ikakwama ikakula uzi.

Sindano, namba 80/12 za kuunganisha vipande na 90/14 za kupita tabaka tatu. Sindano inachoka ukishona siku nzima. Ikianza kupiga kelele ya tok tok kwa kitambaa, toa. Ukinunua mtaani angalia shingo ya sindano: za mashine ya nyumbani ziko bapa upande mmoja, za mashine za kiwanda ni mviringo kote. Nimeona msee amebeba pakiti mbili za mviringo na mashine ya nyumbani. Aliishia kushona na sindano moja iliyopinda.

Sasa sikiza hii vizuri kama mashine yako ni ya mitumba. Stima ya Kenya ni volti 240. Ya Marekani ni 120 na ya Japani ni 100. Geuza mashine, soma kile kibandiko chini au nyuma. Kikisema 100V au 110-120V na uichomeke hivi hivi kwa soketi ya gesti, utasikia harufu, na hiyo harufu ni pesa yako. Unahitaji transfoma ya kushusha stima, na hiyo inafaa kuwa kwa begi, si kwa mipango. Usiniambie plagi imeingia. Plagi kuingia haimaanishi kitu.

Ekstensheni ndefu ni lazima. Ukumbi wa gesti unajengwa na mtu mwenye anadhani wageni watachaji simu. Lakini usichomeke pasi hapo kwa ekstensheni ya mashine. Ekstensheni ya ampea 13 inabeba kama wati 3,100, na pasi mbili za wati 2,000 zishapita hapo. Limuru tulizima nyumba nzima saa nne usiku, wamama wakiwa katikati ya mshono, na caretaker alikuwa amelala. Mkubaliane kabla kwa grupu ya WhatsApp nani analeta pasi. Moja kwa watu watatu au wanne inatosha, na iwe na soketi yake ya ukuta.

Kama mashine yako ni ya mkono, zile nyeusi za kitambo za kuzungusha, usione haya. Siku stima ilipotea wewe ndio ulikuwa boss wa nyumba.

Visu, rula na vidude

Kile kisu cha gurudumu cha kukata kitambaa, ya kawaida ni ya milimita 45, pamoja na mkeka wake na rula ndefu ya plastiki. Kama hauna, mkasi mzuri wa kitambaa na kadibodi ulioikata kwa kipimo inafanya kazi, polepole tu. Mkasi wa kitambaa ufunge utepe mwekundu na umwambie kila mtu kwamba ukikata karatasi na huo mtakosana.

Kisu cha gurudumu kina makali ya wembe na kinafungika. Kifunge kila mara unapokiweka chini, hata kama ni ya sekunde mbili. Vidole vya watu vimeharibiwa na hicho kitu.

Halafu vidude: pini, pini za kufunga kama zile za nepi, chaki ya fundi, kifumulio (utafumua, usijidanganye), uzi wa pamba, sindano za mkono, mfuko mdogo wa kutupia vipande vya uzi. Taa ndogo ya meza, kwa sababu balbu ya ukumbi iko juu sana na usiku bluu nzito na nyeusi zinakuwa kitu moja. Simu ya kupiga picha mpangilio wako sakafuni kabla mtu hajapita na chai. Picha inakuonyesha kosa lenye macho yamekataa kuona.

Kama umebeba nguo ya mtu mwenye ameenda

Hapa nitakaa kidogo.

Ritriti ya pili, kulikuwa na dame, ako thate na kitu, alikuja na leso sita za mathe yake. Mathe alikuwa amekufa mwaka huo. Alitaka kushonea dada zake wawili na yeye, kila mtu kwilti yake, Krismasi isifike. Ijumaa alituonyesha, kila leso na stori yake: hii alinunua Mombasa, hii alinibebea kwa mgongo. Jumamosi saa tano usiku, kila mtu amechoka, mashine zinavuma, akaamua kukata. Hakuwa amechora popote. Alipitisha kisu katikati ya ile leso ya kubebwa mgongoni, na jina, yale maandishi ya chini, likakatika vipande viwili katikati ya neno.

Hakuna mtu alisema kitu. Mashine ziliwacha moja moja.

Yule shosh wangu wa miwani akainuka, akachukua vile vipande viwili, akavipeleka kwa pasi, akaviunganisha kwa mkono usiku huo huo. Neno likarudi, fupi kidogo, na mshono katikati. Alilala saa nane. Yule dame baadaye aliniambia hicho kipande ndicho kiko kwa kwilti yake mwenyewe, si ya dada zake.

Kwa hivyo. Kama unabeba leso, shati ya buda, nguo ya mtoi mwenye hakukaa: fanya mpango ukiwa nyumbani, mchana. Piga picha kila nguo ikiwa nzima. Leso iko na sehemu tatu, pindo inayozunguka, mji wa katikati, na jina. Amua mapema jina litakaa wapi, na ulizungushie chaki inchi moja kila upande. Kata kipande cha kitambaa cha bei rahisi kwanza ndio uone. Nguo nyepesi zilizochakaa zibandike kitambaa kigumu nyuma, vile vya kola, zisivutike. Na usikate usiku. Beba pia nusu ya kile uko nacho, hiyo nyingine ibaki kabati.

Hauna mashine? Bado kuja

Watu wengi wanakataa mwaliko juu ya hii. Cheki, kuna kwilti inaitwa kawandi, inashonwa na wanawake wa Siddi, Karnataka, India. Wasiddi ni watu wenye mababu zao walitoka huku Afrika, wengi upande wetu wa mashariki, wakavushwa bahari wengine kama watumwa, wengine kama wanajeshi na mabaharia. Kawandi haihitaji mashine, haihitaji rula. Unachukua kitambaa kizima kama mgongo, unaanzia kona moja, unapanga viraka vya nguo kuukuu na unashona kwa mkono ukizunguka ukingo, ukiingia ndani pole pole mpaka katikati. Kwa kona wanaweka vikunjo vidogo vya kitambaa, vinaitwa phula, na bila hivyo kwao haijaisha.

Begi ya kawandi ni sindano ndefu, uzi mnene, kidole cha chuma cha fundi, mkasi, na mfuko wa nguo kuukuu. Thao moja haiishi. Stima ikipotea hata hautajua. Siku hizi hata mimi naibeba kama ile kazi yangu ndogo ya akiba.

Mwili wako nao

Viti vya gesti ni vya kula, havijatengenezwa kwa mtu wa kukaa saa kumi. Beba mto wa kukalia. Beba sweta mbili na soksi kama ni Limuru au Kinangop, njeve ya huko mwezi wa saba haijui wewe ni msanii. Viatu vya kufunga sakafuni, kwa sababu pini zitaanguka na mguu wako utazipata. Dawa zako, miwani yako, kitu ya kichwa. Dishi kavu isiyo na mafuta: njugu, matunda, mkate. Hakuna chipo karibu na kwilti ya mtu, tafadhali. Kikombe chenye kifuniko pia, tangu siku chai iliingia kwa mashine ya mtu mwingine nikiangalia.

Kila saa, inuka. Mgongo utakushukuru Jumatatu kwa mathree.

Tukifika hapo kwa mathree: mashine inakaa kwa mapaja yako ama chini ya kiti, haiendi kwa buti na haiendi juu ya keria, hata makanga akikuapia. Toa sindano, teremsha mguu na kipande cha kitambaa chini yake, funga na taulo. Kama ritriti ni Kisumu au Mombasa na unaenda na ndege, visu na mkasi ziingie kwa begi ya kupakiwa chini. Kwa begi ya mkononi utaziacha kwa wale wa ukaguzi na hazirudi.

Vya kuacha home

Laptopu. Kazi ya tatu, ya nne na ya tano. Kitambaa chenye haujui ulinunulia nini. Vitu vya kupendeza mtu: hakuna mwenye ataangalia luku yako, wote wamevaa uzi kwa nywele. Na kama una oda ya mtu yenye tarehe imefika, maliza kabla ya kuenda. Mnaongea sana huko, na kukiwa na stori nzuri saa tatu zinaisha na mraba mmoja.

Mwisho, jina na namba yako ya simu kwa kila kitu, na seloteipu na biro: mashine, pasi, rula, mkasi, na zaidi ya zote pedali. Jumapili mchana kuna pedali kumi sakafuni, zote nyeusi, na watu wana haraka ya gari.

Yangu siku hizi inalala ndani ya kifuniko cha mashine, imezungushiwa waya yake. Chini ya kitanda kumebaki njumu tu.